Zamu ya Kuongea

Kiti kilikuwa na joto.

Mfamasia aliondoa kiganja, akakisugua kwenye suruali, kisha akakirudisha, maana alikuwa mtu wa kupima jambo mara mbili. Joto lilikuwepo bado, joto la mahali ambapo mtu ametoka tu kuinuka. Nyumba ilikuwa imekaa tupu miaka minane. Dalali mwenyewe alikuwa amesema hivyo langoni, akihangaika na funguo. Hapakuwa na pazia wala meza. Palikuwa na kiti hicho kimoja cha mbao sebuleni, na hakikuelekea dirishani wala mlangoni. Kilielekea kona.

Dalali alieleza kwamba majirani huingia kupitisha hewa. Huo ndio uzuri wa mtaa huu, alisema, hapa huna haja ya mlinzi, macho ya jirani yanatosha. Akacheka peke yake, akawahi kumwonyesha jikoni.

Mfamasia alikuwa na karatasi aliyoipiga mstari katikati. Upande wa kushoto aliandika mazuri: shule dakika tano kwa miguu, zahanati, ua wa kutosha baiskeli, watoto wengi. Familia kumi na nne za mtaa ule zilitoka pande zote, na ukisimama barazani ulisikia lugha tano zikigombeza watoto kwa sauti moja ya kina mama. Upande wa kulia aliandika mabaya: bati la jikoni linavuja, kazini ni mbali. Bei hakuiandika popote. Ilikuwa nafuu mno, na hakujua unafuu wa namna hiyo uwekwe upande gani.

Ndipo akamsikia binti yake, aliyekuja naye, akiongea chumba cha nyuma.

Mtoto huyo alikuwa na miaka minane. Mama yake alimpa jina la Kasuku tangu akiwa na mitatu, kwa kuwa hata chakula mdomoni hakikumnyamazisha. Tangu siku ya mazishi ya mama huyo, miezi kumi na minne sasa, alikuwa akijibu kwa kichwa. Walimu waliandika barua, daktari akasema asubiriwe. Na sasa alikuwa akisimulia, sentensi nzimanzima, na kicheko kidogo katikati: jinsi mama alivyosahau kuvua kofia ya kuogea akaenda nayo mpaka dukani, na muuza duka akaisifu. Mfamasia aliikumbuka siku hiyo. Alisimama ukumbini, kiganja ukutani, akiogopa kupiga hatua isije ikaivunja sauti ile.

Kabla ya kuondoka aliomba funguo kwa wiki moja, afikirie vizuri kabla ya kutia sahihi. Dalali alimkabidhi papo hapo, kama mtu anayetua mzigo.

Nyumbani Kasuku alinyamaza tena. Kesho yake, baada ya shule, wakarudi kule, na akaongea. Hesabu ilikuwa rahisi. Mfamasia angeinunua nyumba ile hata kama paa lingekuwa la magazeti.

Siku ya tatu walifuatana na mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi. Alikaa kwenye kizingiti cha ukumbi akishona kifungo cha sare ya mjukuu, na mara sindano ikasimama.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mtoto haongei peke yake."

Mfamasia alijibu kwamba watoto hujitungia marafiki, na kwamba daktari alishawahi kuligusia jambo hilo.

"Usisikilize anapoongea. Sikiliza anaponyamaza."

Akasikiliza. Kasuku alisema jambo kuhusu mikono ya mama yake, akanyamaza kwa urefu wa swali moja, kisha akajibu, na katika kile kimya, ambacho mfamasia alikuwa amekipita siku mbili nzima bila kukijali, palikuwa na sauti ya mtu anayevuta pumzi ili aseme, pumzi ndefu, yenye unyevunyevu, iliyopanda na kupanda kupita kipimo cha kifua cha mtu yeyote na haikufuatwa na neno lolote, na pamoja nayo ilikuja harufu kutoka mlangoni mwa chumba, harufu ya kinywa kilichofungwa muda mrefu sana, nzito kama ya nguo zilizokunjwa mbichi, ikamfikia usoni kwa joto lilelile alilolipapasa kwenye kiti.

Alimbeba mtoto mpaka barabarani bila kufunga mlango.

Nyumbani, jua likiwa bado halijazama, Kasuku alisimama jikoni akasema, "Baba, naomba maji."

Alimmiminia. Mtoto alikunywa, akasifu baridi ya maji, akauliza kama kesho kuna shule, akamcheka Bibi kwa kuvaa kanga kinyume. Mfamasia alikaa chini sakafuni. Bibi alikuwa analia na kucheka. Kasuku akazunguka sebule kama mgeni aliyechangamka, akasimama mbele ya picha ya ukutani.

"Huyu mama ni nani?"

Akawageukia, akangoja kwa adabu, kisha akaenda kucheza.

Asubuhi Bibi alienda peke yake kwa mshonaji wa nyumba ya jirani na ile inayouzwa. Alikuta mlangoni pake orodha ya familia kumi na nne na siku za mwezi, akaidhani ni zamu ya kufagia mtaa. Mshonaji, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, hakumzungusha. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Jini lile, alisema, wao huliita Mpangaji, kwa kuwa linakaa na halilipi. Lilianzia nyumba ya kona. Wenyewe wakalifukuza kwa kisomo, likaruka ua. Wa pili wakalitoa kwa ubani na kengele, likaruka ua. Kila nyumba ilikuwa na dini yake na mganga wake, na kila mganga alifaulu, na kila alipofaulu jirani aliamka na harufu ndani. Mwishowe likaingia kwa mzee mmoja mpweke asiye na dini wala mganga. Akakaa nalo, akawa analizungumzisha, nalo likatulia. Mzee alipofariki wakaona kwamba likikaa siku nzima bila kuongeleshwa hutoka kutafuta. Ndiyo maana ya zamu. Kila siku mtu mmoja huketi kwenye kiti kile saa moja na kuongea.

Bibi aliuliza wanaongea nini.

"Mambo ya mvua. Bei za vitunguu. Tunalisomea magazeti," mshonaji alisema. "Yasiyo na uzito. Kwa sababu unachokisimulia mle, bibi yangu, hutoki nacho. Mimi nililiambia harusi yangu. Nikitazama picha sasa naona watu waliopendeza, basi."

Bibi alisema ataleta mganga leo leo. Mshonaji akamuuliza ua upi anataka liruke, na kama anadhani litaondoka bila kile lilichokwisha kumeza. Cherehani ilikuwa na gauni la mtoto chini ya sindano.

Ndipo mshonaji akasema kwamba liliwahi kurudisha, mara moja tu. Fundi viatu wa mtaa alilisimulia habari za mwanawe aliyefia mbali, akatoka hana hata jina lake. Mkewe akaingia, akalisimulia yake yote ya mtoto yule kuanzia mimba. Kwa kuwa yalikuwa mazito zaidi, likaachia ya mume.

"Na huyo mke?"

"Yupo, tunasalimiana. Mumewe akilia anamhurumia sana. Hajui analilia nini."

Mfamasia alipoelezwa hayo aliuliza swali moja, kama anavyouliza kipimo cha dawa: yote, au sehemu? Yote, Bibi alijibu. Kisha akasema ataingia yeye. Alisema mama wa Kasuku alikaa tumboni mwake kabla hajakaa moyoni mwa mtu yeyote, na hakuna jini litakalokataa mzigo kama huo.

"Hapana, mama," alisema mfamasia.

"Usinikatalie mwanangu."

"Wewe una miaka thelathini na sita ya kumsimulia huyu mtoto. Alivyozaliwa, alivyokuwa mtundu, alivyokuwa na umri kama wake. Mimi nina kumi na mmoja. Ukiitoa yako, yangu haitamtosha."

Usiku ule mfamasia aliacha taa ya chumbani ikiwaka mpaka asubuhi, naye Bibi alimsikia akijikumbusha mwaka baada ya mwaka kwa sauti ya chini.

Waliingia mtaani saa kumi. Mshonaji, ambaye zamu ya siku hiyo ilikuwa yake, alimpisha. Bibi alikaa na Kasuku barazani kwa mshonaji. Kupitia dirisha lililo wazi aliisikia sauti ya mkwewe ikianza, ya kawaida, kama ya mtu anayesoma maelezo ya chupa, na aliweza kutambua maneno: foleni ya benki, mwavuli wa kuazima, mwanamke aliyemkosoa hesabu yake mbele za watu na alikuwa sahihi, kisha maneno yakawa chini asiweze kuyapata, ila baina yake ile pumzi, kila mara ndefu kuliko ya kwanza, ikiyavuta, hata pazia la mshonaji likawa linaelekea upande ule ilhali hapakuwa na upepo, na akina mama wa mtaa mzima wakatoka mmoja mmoja wakasimama kwenye malango yao, kila mmoja akiomba kwa lugha yake, watoto wamewabana miguuni, na sauti ya mfamasia ikawa inaendelea kupungua, si kwa uchovu bali kama ya mtu anayeishiwa na la kusema.

Kasuku alikuwa akimsimulia mtoto wa mshonaji juu ya mwalimu wao. Akakatika katikati ya neno. Akageuka, akajitupa kwenye mapaja ya Bibi, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini, akimwita mama yake.

Bibi alimfunika kwa kanga. Hakumwambia nyamaza.

Mfamasia alitoka muda si mrefu. Alifunga mlango kwa utaratibu, akamrudishia funguo dalali aliyekuwa akingoja langoni, akamwambia kwamba nyumba si mbaya, ila ni kubwa mno kwa mtu na mtoto wake. Uso ulikuwa umepumzika. Bibi hakuwa ameuona hivyo kwa miezi kumi na minne. Mfamasia alikaribia baraza ya mshonaji, akamwona binti yake analia, akaharakisha. Akamwinua. Kisha akamgeukia mwanamke mzee aliyekuwa amemshika.

"Shikamoo, mama," alisema kwa upole. "Asante kwa kunishikia mtoto. Samahani, tumewahi kuonana?"

Bibi aliitikia marahaba.

"Baba, huyu ni Bibi," alisema Kasuku, machozi bado mashavuni. "Ni mama yake m—"

Bibi alimziba mdomo. Dirisha la nyumba ile lilikuwa wazi, na mbele yao palikuwa na nyumba nyingine kumi.

"Si hapa," alinong'ona.

Akawashika wote wawili mikono, mkwe na mjukuu, akawapitisha katikati ya barabara mbali na kuta, na mfamasia alifuata bila kubisha, kama mtu anayemheshimu mzee asiyemjua. Nyuma yao mshonaji alikuwa anaingia na gazeti kumalizia zamu. Walipovuka barabara kuu, ambako magari yalipiga kelele za kutosha, Bibi aliwaachia.

Kasuku alianza. Alisema kwa muda mrefu, akichanganya miaka, akirudi nyuma kurekebisha. Baba yake alisikiliza huku ameinama kidogo ili asipitwe na kitu, akiuliza pale asipoelewa, na walipofika kituoni alikuwa bado ana swali moja.

"Na mimi," aliuliza, "nilikuwa nampenda?"

Mtoto alimtazama Bibi.

"Kaa chini, mwanangu," Bibi alisema. "Basi bado halijafika."