Mlango 3389

"Nungunungu, funga mlango kabla kikombe hakijajaa."

Sauti ya Mkuu wake wa ujasusi ilikwaruza kwenye kisikizi kilichofichwa sikioni.

Nungunungu, jasusi aliyeingia kwenye mtambo wa maji akiwa amevaa ovaroli ya fundi viyoyozi, alihisi ulimi ukimkauka. Kikombe kilikuwa tangi linalonywesha mji mzima. Mtu aliyeketi ng'ambo alikuwa akimimina klorini humo kwa kubofya tu. Na katika mji huo aliishi mdogo wake, mwenye mapacha wachanga wa maziwa ya kopo.

Akajifungia chumba cha mitambo. Akaigusa kompyuta kuu.

Akaandika amri ya kuorodhesha milango ya mtandao iliyo wazi: netstat -ano.

Namba zikateremka kwenye kioo. Mlango 3389. Wazi.

Haukuwa mlango wa wizi. Ulisajiliwa kihalali, ili fundi aweze kuiendesha kompyuta akiwa mbali. Ndiyo maana hakuna aliyeutilia shaka. Lakini sasa kulikuwa na mgeni ndani. Kipimo cha klorini kilipanda mbele ya macho yake.

Akakosea amri. Akakosea tena.

"Mkuu, naogopa."

"Ogopa huku unaandika."

Akaandika. Ukuta wa ulinzi ukaamriwa kumzuia yeyote apitaye 3389. Mgeni akakatika kama uzi.

Bado vali ya klorini ilikuwa wazi. Akainyooshea mkono kuifunga.

Ufunguo ukazunguka kitasani.

Alikuwa meneja wa mtambo, yuleyule aliyempokea asubuhi kwa bashasha: "Karibu binti, joto litatuua humu!" Sasa alishika simu mkono mmoja. Mkono wa pili, bastola ya Glock yenye kiziba sauti.

"Rafiki zangu wamefungiwa nje," alisema. "Wafungulie."

"Bosi, watu watakufa."

"Utawatangulia."

Mtutu ukamgusa kisogoni. Ulikuwa wa baridi. Jasho likamtiririka hadi kiunoni. Alitamani kulia kama mtoto. Kisha akakumbuka kuwa Mkuu alikuwa bado anasikiliza.

"Usinipige, bosi! Naufungua 3389. Naufungua sasa hivi!"

Akaandika: ruhusu 3389. Mwisho wa amri akabandika anwani moja tu, ya kompyuta ya Mkuu, ili apite yeye peke yake. Meneja aliikodolea macho ile namba. Mkia wa amri hakuusoma.

"Uko wazi."

"Ingieni," meneja aliamuru simuni. Akasikiliza. Uso ukamsawijika. "Vipi hamwezi? Mbona naona mtu keshaingia?"

Vali ikajifunga yenyewe.

Ving'ora vikalipuka jengo zima. Meneja akageuza shingo, na hapo Nungunungu akaukwapua mtungi wa kuzimia moto, akamshushia kwa nguvu zote za hofu yake. Bastola ikafyatuka. Risasi ikatoboa dari. Meneja akaenda chini kama gunia.

Askari walipoingia, jasusi alikuwa ameketi akipitia milango yote ya kompyuta, mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na mgeni tena.

"Mkuu, toka. Naufunga kabisa."

"Nimetoka. Tangi linamwagwa, hakuna tone lililofika mjini. Wewe u mzima?"

"Nimetulia kama maji ya mtungini."

Muongo mkubwa. Alipita katikati ya askari, mikono mfukoni, wakimpisha na kunong'onezana jinsi mwanamke huyu asivyojua woga. Alitembea polepole, kwa madaha, kwa kuwa magoti yangekataa kukimbia.