Mshale Uliofutwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Careen alikuwa na kazi ambayo wenzake darasani hawakuwa nayo. Alishuka kwa lifti hadi chini, akajifanya ananunua maziwa ya soya huku macho yakizunguka. Akiona njia nyeupe, alimbipu baba yake mara moja. Akiwaona polisi wakikagua pasipoti mlangoni pa Tianxiu Dasha, jengo walimoishi, alimbipu mara mbili, na baba hakutoka siku hiyo.

Mwaka huo wa 2009 kamata-kamata ilikuwa imepamba moto Guangzhou. Careen alikuwa na visa ya mwanafunzi, lakini ya baba yake, Alphonce, mnunuzi wa jinzi, ilikuwa imekwisha tangu Pasaka. Wafanyabiashara wenzake walipomuuliza, baba alijibu, "Yangu? Iko sawa kabisa!" Careen alisikia na kunyamaza. Binti wa miaka kumi na miwili tu, tayari ni fundi wa kuficha!

Alphonce alizaliwa Kwa Mtoro, kwa Wasandawe, watu wa upinde. Aliusifia upinde hata karakanani Xintang alikonunua jinzi, mpaka Liang, bosi wa karakana, akachoka kusikia. "Maneno matupu!" Liang alimtania. "Kaka yangu anafuga kulungu milimani. Njoo Jumamosi, piga mmoja tule."

Basi Jumamosi wakaenda, baba na upinde wake, Careen na upinde mdogo aliochongewa kwa mwanzi. Shamba lilikuwa msitu mnene uliozungushiwa waya. Baba alivua viatu, akamwambia Careen avue vyake. Kisha akatoa majivu mfukoni, akayaachia kidogo hewani aone upepo unakoelekea.

"Upepo ukitoka kwetu kwenda kwake, tumekwisha," alinong'ona. "Akiinama kula, tembea. Akiinua kichwa, wewe ni kisiki. Na usiachie mshale mpaka nikuguse bega. Mnyama hapigwi kwa mbali. Ukimjeruhi, utamfuata mpaka umwone amekufa. Hivyo ndivyo babu yako alivyonilea."

Walinyatia karibu saa nzima, hatua moja, kimya, hatua moja, kimya. Mbu walimla Careen shingo asithubutu kuwapiga. Mwishowe wakamwona kulungu jike, mwenye madoa meupe ubavuni, akila majani. Baba alitangulia kuzunguka jiwe ili apate njia ya kumkaribia.

Careen akabaki peke yake na tamaa yake. Hatua arobaini! Mbali mno, na alijua. Lakini aliwaza jinsi baba atakavyomsifu, akaachia.

Kulungu aliruka, akatimua mbio kuelekea bondeni. Mshale ulikuwa umempenya tumboni, ukatokea upande wa pili na kuanguka kwenye majani. Careen aliufikia wa kwanza. Ulikuwa na damu iliyochanganyika na uchafu wa kijani. Haraka haraka akaufuta kwa nyasi.

"Umempata?" baba aliuliza, akija mbio.

"Nimekosa, baba."

"Pole. Hata mimi nimekosa wengi," baba alisema, akampapasa kichwa. Careen alitamani ardhi immeze.

Walirudi kwenye kibanda cha shamba, Liang aliyekuwa akiwangoja akawapa chai na tambi. Careen alizungusha tambi tu bakulini. Baada ya kula, baba alikusanya mishale aipange. Akasita. Akaupeleka mmoja puani.

"Careen. Huu ndio uliokosa?"

"Ndiyo, baba."

"Mshale uliokosa haunuki utumbo."

Careen akaangua kilio. Baba hakumchapa wala hakupaza sauti. Alisimama, akachukua kisu. "Inuka. Tunamfuata."

Liang alimshika mkono. "Waya umekatika kule chini. Atakuwa amefika barabarani, na polisi wanakagua wageni huko tangu asubuhi. Kulungu ni wetu, nimekusamehe. Kaa!"

"Wewe umesamehe," baba alijibu, "lakini yeye bado anaumia."

Walifuata matone ya damu juu ya majani, wakapoteza njia, wakairudia. Palikuwa na mahali kulungu alipolala, akashindwa kutulia, akainuka tena. Careen alilia njia nzima. Walimkuta mtaroni kando ya barabara, saa tatu tangu apigwe, yu hai, macho wazi, akilamba tumbo lake.

"Usigeuke," baba alisema. "Tazama ulichokificha."

Akafanya kazi yake upesi kwa kisu. Papo hapo gari la polisi likatokea kwenye kona. Baba alijitupa chini, akalala kifudifudi ndani ya mtaro, shavu kwenye matope, mkono juu ya shingo ya mzoga. Careen alijibanza pembeni yake. Hakuwahi kumwona baba yake akitetemeka. Gari likapita.

Baba aliketi, hakufuta hata matope. "Nani alikufundisha kufuta upesi namna ile?"

Careen alinyoosha mkono amfute matope shavuni.

"Ni mimi," baba alisema. "Ni mimi, mwanangu."

Jumatatu asubuhi Careen alichukua simu ashuke kama kawaida. Alimkuta baba mlangoni, amevaa shati la kanisani, pasipoti mkononi. "Leo usinibipu. Nakwenda kituoni mwenyewe. Utakaa kwa Mwalimu Felisia wa shuleni kwako mpaka nirudi."

"Watakufunga!"

"Najua."

Wakamshikilia siku kumi na mbili. Biashara ilikufa, na akaamriwa asirudi China kwa miaka mitano. Siku ya kuondoka, Careen, aliyekuwa akirudi naye nyumbani, alimkuta uwanja wa ndege wa Baiyun, amekonda, askari kando yake.

"Nimekuponza, baba," alisema akilia.

"Hapana. Kulungu yule aliteseka saa tatu kwa sababu ulisema umekosa. Ungesema kweli pale pale, ningemmaliza mapema. Na mimi nimekaa miezi saba na jeraha langu, nikakufanya wewe ulinde uongo wangu. Kosa ni kosa, Careen, lakini ukilificha, wengine ndio wanaoumia. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama miguu inatetemeka."

Walipoitwa kwenda kwenye ndege, Careen alitangulia kwa mazoea, macho yakizunguka kutafuta polisi.

"Careen," baba alimwita. "Rudi hapa. Tutembee pamoja."