Chupa ya Mafuta ya Freni

Kila alasiri, akishatoka shuleni, Djamila alivua sare, akala bukari, ugali wa kwao, iliyobaki, kisha akaenda uani kupambana na kutu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, brashi ya waya na kipande cha msasa kilichokwisha makali. Kutu nayo ilikuwa na kamioneti nzima.

Kamioneti hiyo, gari dogo lenye sanduku la mizigo nyuma, ilikuwa imelala kando ya ghala la chumvi la baba yake, Mzee Abedi, kwa miaka saba. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Mtu ambaye angesema kwamba siku moja itatembea angechekwa na mtaa mzima.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1998 hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka pale Kamina. Vita ilikuwa inashuka kutoka kaskazini, na treni ya kwenda Kabongo ilikuwa imesimama. Huko Kabongo ndiko alikokuwa Mama Nuru, mama yake Djamila, pamoja na mtoto mchanga, Shafii. Alikwenda kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, na sasa hakuwa na njia ya kurudi. Bibi hakuweza kutembea wala kukaa juu ya baiskeli. Malori ya wafanyabiashara wakubwa yalikuwa yamechukuliwa na wanajeshi. Ilibaki kamioneti ya kuku.

Abedi alimwendea jirani yake, Papa Ngalamulume, fundi mzee wa karakana ya reli. Papa Ngalamulume alikuwa mtu wa Kasai. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani humo, familia yake ililala ghalani kwa Abedi wiki tatu nzima, na tangu hapo hapakuwa na kazi ambayo angemkatalia Abedi. Aliizunguka kamioneti mara mbili, akaigonga hapa na pale, akasema injini bado ina roho.

Fedha za vipuri hazikuwapo, basi walitumia walichonacho. Matundu ya sakafu waliyaziba kwa bati la mapipa lililopondwa na kupigiliwa ribiti. Tangi la petroli walilijaza kokoto na maji, wakalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi na kutu ikatoka kama uji. Springi iliyopasuka ilifungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Djamila alipouliza watapaka rangi gani, fundi alitikisa kichwa.

"Kutu njo ulinzi yetu," alimwambia. "Gari ya kupendeza, askari naye atapenda."

Kitu kimoja tu hakikuwa na mbadala, nacho kilikuwa mafuta ya freni. Mfanyakazi wa reli aliyeitwa Isaïe aliwaletea chupa moja kutoka Lubumbashi, labda ya mwisho mjini. Siku ya Alhamisi fundi aliifungua, akatumia kidogo kujaribu, akaifunga na kumkabidhi Djamila aiweke kabatini. Ijumaa asubuhi Abedi alituma ujumbe Kabongo kwa foni ya redio ya wafanyabiashara: Jumamosi mapema mbebeni bibi mpaka kando ya barabara, nakuja. Mchana foni ilinyamaza, na haikuita tena.

Mchana huohuo, Abedi akiwa kwenye sala ya Ijumaa na fundi akila kwake, Jenny, binti wa fundi, alikuja kucheza. Wasichana wa Kamina hubeba kila kitu kichwani, na kila mmoja huamini kwamba shingo yake ndiyo imara kuliko zote. Jenny alizunguka ua na ndoo ya maji bila kuishika. Djamila hakutaka kushindwa. Alitafuta kitu kigumu zaidi kuliko ndoo, akaikumbuka chupa. Akaiweka kichwani, akanyoosha mikono, akapiga hatua sita za maringo. Kwenye ya saba chupa iliteleza. Haikuvunjika, ila kifuniko kiliruka, na alipoiwahi nusu ya mafuta ilikuwa imekwisha kunywewa na mchanga.

Jenny alitaka waende kumwambia baba yake pale pale. Djamila alimshika mkono kwa nguvu mpaka akalia, akamwapisha asiseme. Kisha aliingia chumbani kwa mama yake. Mama Nuru alikuwa mshonaji, na chini ya cherehani yake kulikuwa na kopo la mafuta ya mashine. Rangi ilikuwa karibu ileile. Djamila aliijaza chupa, akaitikisa sana, akaifunga, akaifuta kwa gauni lake. Mafuta ni mafuta, alijiambia, ingawa moyo wake ulikuwa unamkatalia.

Jioni fundi alikuja kujaza freni. Aliinua chupa, akaitazama katika mwanga uliokuwa unapungua.

"Djamila, hii haikuguswa na muntu?"

"Hapana, Papa."

Alijibu haraka mno, lakini fundi alimwamini. Alijaza, akatoa hewa kwenye magurudumu yote manne, akamwomba Abedi akanyage. Freni ilikamata. Wanaume wawili walipeana mikono kwa furaha, na Djamila akajidai anasugua sufuria.

Jumamosi, mara tu baada ya sala ya alfajiri, majirani walijaa uani na vifurushi vya jamaa zao wa Kabongo. Abedi alivaa koti lake, akasoma dua, akawasha injini. Ilikohoa, ikapiga moshi mweusi, ikashika. Watu walipiga vigelegele. Abedi alikanyaga freni, akakunja uso, akakanyaga tena. Pedali ilikuwa ngumu, na alipotaka kusogea, gurudumu la mbele liling'ang'ania kabla ya kuachia.

Papa Ngalamulume aliinama, akasikiliza, akasema ni kutu ya miaka mingi, italegea njiani. Alimkumbusha Abedi kuhusu mteremko mrefu wa karibu na Kabongo, ule unaoishia kwenye daraja la magogo. Pale, alisema, asitegemee gia, gia zimechoka. Ategemee freni tu.

Djamila aliyasikia yote. Aliwaza fimbo, aliwaza aibu mbele ya mtaa mzima, aliwaza kwamba gari likishafika barabarani hakuna atakayejua chochote. Halafu akamwona akilini mama yake akiwa juu ya sanduku lile la bati, Shafii mgongoni, gari likishuka. Alikwenda mbele ya kamioneti, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

"Baba, zima gari."

Abedi alitoa kichwa dirishani akamwambia aondoke njiani. Hakuondoka.

"Ile si kutu, Papa Ngalamulume. Miye njo nilimwanga mafuta ya freni. Nikatia ingine mu chupa, ya mashine ya mama."

Injini ilizimwa. Majirani waliokuwa wanapiga vigelegele walitazama chini. Fundi alifungua kikopo cha freni, akachovya kidole, akanusa, akakaa kwenye ngazi ya gari kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Alieleza polepole kwamba mafuta ya mashine huvimbisha mipira ya freni. Kwanza freni hung'ang'ania, baadaye mipira huharibika kabisa, na siku unayoihitaji unakanyaga hewa.

Abedi aliteremka. Djamila alifumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja, na alichosikia kilimuuma zaidi.

"Mama yako iko ku barabara saa hii," baba yake alisema. "Iko ananingoja."

Hapakuwa na muda wa kugombeza. Magurudumu yalitolewa, mipira ikakaguliwa mmoja mmoja. Miwili ya mbele ilikuwa imevimba. Mingine ingepona, fundi alisema, ikioshwa vizuri kwa pombe kali. Hapo watu walimtazama Abedi, Mwislamu wa tangu enzi za babu zake wa Maniema, ambaye hata harufu ya pombe ilimfanya avuke barabara. Abedi alichukua chupa mbili tupu akaenda mwenyewe kwa Mama Albertine, mpishi wa gongo iitwayo lutuku. Mama huyo alimwuliza kama amebadili dini. Alipoambiwa ni kwa ajili ya gari, alimchotea ile kali kuliko zote, akakataa malipo.

Mafuta mapya ya freni hayakuwapo, na fundi alikuna kichwa muda mrefu. Mwishowe alikumbuka kwamba mwalimu wake wa karakana, zamani sana, aliwahi kuchanganya mafuta ya mbarika na pombe kali, nusu kwa nusu, wakati wa dhiki kama huu. Akamtuma Djamila kwa Mama Béatrice, muuguzi, kuomba mafuta ya mbarika, yale wanayonyweshwa watoto waliofunga choo. Djamila alikimbia kwenda na kurudi, na safari hii alikumbatia chupa kwa mikono miwili.

Abedi naye alikwenda kwa Isaïe, aliyekuwa na mipira miwili ya freni kwenye sanduku la vitu vikuukuu. Aliondoka kwa baiskeli, akarudi kwa miguu. Djamila aliona, wala hakuthubutu kuuliza.

Siku nzima alikaa chini ya gari pamoja na fundi, akiosha mipira kwa lutuku mpaka vidole vikakunjamana. Fundi alimwonya kwamba ule mchanganyiko wa mbarika na pombe ni wa safari moja tu, mwendo wa polepole, na kwamba mtu asije akaugeuza kuwa desturi. Jioni freni ilikamata laini na kuachia laini. Jumapili alfajiri kamioneti iliondoka. Safari hii hapakuwa na vigelegele.

Jumatatu ilipita. Waliokimbia kwa miguu walianza kuingia mjini wakiwa na magodoro vichwani, na Djamila alimwuliza kila mmoja kama ameona gari lenye kutu. Usiku hakulala, na shuleni mwalimu alimwita mara tatu bila kuitikiwa.

Jumanne alasiri kamioneti ilirudi. Ilikuwa imebeba watu kumi na mmoja. Bibi alikuwa amelazwa kwenye godoro, na pembeni yake alikaa Mama Nuru, mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, Shafii kifuani.

Wakati wa kula, Abedi alisimulia habari ya mteremko. Wakati wa kurudi, walipokuwa wanaushuka, daraja lilikuwa limejaa wakimbizi, wanawake na watoto na mbuzi, na wengine hawakuweza kusogea. Alikanyaga. Kamioneti ilisimama hatua tatu kutoka kwa mzee aliyekuwa anasukuma baiskeli. Papa Ngalamulume, aliyealikwa chakula hicho, aliacha kutafuna.

Kisha Mama Nuru aliuliza swali ambalo Djamila alikuwa analiogopa. Alitaka kujua kwa nini gari halikuja Jumamosi. Alisema walikaa kando ya barabara tangu alfajiri, watu wakipita wanakimbia, na kwamba jua lilipozama bibi alimwambia amchukue mtoto aende na wenzake, amwache yeye pale.

Abedi alitazama sahani yake. Fundi alitazama ukuta. Djamila alielewa kwamba hawatasema kwa niaba yake, na kwamba kuungama mbele ya mtaa mzima kulikuwa kazi rahisi kuliko hii. Akasema yote: chupa kichwani, mchanga, cherehani, uongo aliomwambia fundi, baiskeli ya baba.

Mama Nuru alirudisha tonge sahanini.

"Nimekasirika," alisema. "Ile siku moja niliogopa kupita siku zote za maisha yangu, na sitakudanganya kama imekwisha. Kumwanga mafuta, ile ni bahati mubaya ya mutoto. Kumudanganya Papa Ngalamulume, ile njo ubaya. Lakini ulisimama mbele ya gari ukasema kweli, na leo tuko hapa tunakula. Unasikia? Mara ingine usingoje gari iwake. Sema wakati mafuta ingali inamwangika."

"Ndiyo, Mama," Djamila alijibu. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.