Mlango wa Malka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Istahil na nyanya yake, Ayeyo Weris, huteremsha mbuzi wao hadi Mto Tana kunywa maji. Hupita malka, njia pana ambayo mifugo na mikokoteni ya maji ya mtaa wao imeipita tangu zamani. Jumamosi hiyo waliwarudisha mbuzi mapema, wakaenda kwenye mkutano wa hadhara kuhusu treni ya abiria iliyopangwa kupita katikati ya mji wa Garissa.

Mkutano ulitangazwa kuanza saa tatu. Afisa wa reli aliwasili saa tano. Kipaza sauti nacho kikakataa kuwaka. Kilipowaka, mtu wa kwanza alizungumzia takataka sokoni, wa pili akalalamikia taa za barabarani, wa tatu akawaombea kazi wanawe wanne.

"Ndugu zangu, leo ni reli," afisa alisema akifuta jasho. "Reli tu. Ramani ni hii hapa."

Mkalimani wa Kisomali aliyeahidiwa hakutokea kabisa. Chifu Adow aliwatafsiria wanaume mpaka sauti ikamkauka. Ilipofika zamu ya wanawake, alimwita Istahil.

"Wewe uko gredi ya saba. Tafsiri," alisema, kisha akatoka nje ya hema kubishana na mwenye jenereta.

Istahil alikuwa msichana mwenye haya. Alisimama akivuta ncha ya hijabu yake, njaa ikimuuma.

Ayeyo Weris alishika kipaza sauti. Kama ilivyo desturi ya wazee wa kwao, hakuanza na jambo lenyewe. Alianza na salamu. Akawaombea wageni dua, akasimulia ukame uliowaleta mjini, na ngamia wa baba yake aliyekufa njiani.

"Weris, huyo ngamia tumemzika mara ngapi?" jirani yao Mama Hinda alimtania. Wanawake wakacheka.

"Leo mtamzika kwa adabu," Ayeyo alijibu, akaendelea.

Istahil hakucheka. Hadithi hiyo aliijua yote. Alipomwona afisa akitazama saa yake, aliacha kusikiliza, akawaza chakula. Nyanya alipoketi, Istahil alisema haraka, "Anashukuru. Anasema reli ni nzuri."

"Maneno yote yale?" afisa aliuliza.

"Mengine ni salamu tu."

Karani akaandika. Baadaye afisa alisoma muhtasari ambao ungepelekwa Nairobi jioni hiyo. "Ua wa reli utatoka darajani hadi soko la mifugo bila nafasi yoyote. Wanawake hawana pingamizi."

"Wamesemaje kuhusu mlango?" Ayeyo alimnong'oneza Istahil.

"Mlango gani?"

"Ule niliouomba. Nimesema reli ije, wajukuu wapande, lakini ua uache mlango pale malka. Pakizibwa, mbuzi watakunywa wapi? Punda wa maji watapita wapi?"

Ingekuwa rahisi kusema, "Wameandika." Nyanya asingejua mpaka siku ua utakapojengwa. Mezani, karani alikuwa akitia karatasi ndani ya bahasha.

Aliinua mkono. Hakuna aliyemwona. Akaenda mpaka mezani.

"Samahani. Sikutafsiri yote. Nilichoka kusikiliza."

Afisa aliweka kalamu chini kwa kishindo. "Binti, mimi nimechoka. Karani amechoka. Hata hili hema limechoka. Sasa unataka tufungue bahasha?"

"Ndiyo," Istahil alisema kwa sauti ndogo. "Hayo ya kwamba hawana pingamizi yametokana na mimi. Si maneno yao."

Chifu Adow, aliyekuwa amerudi, alitikisa kichwa. "Fungua," alimwambia karani kwa sauti iliyokwaruza. "Mama aseme tena."

Wanawake waliguna walipomsikia Ayeyo akianza upya na salamu. Safari hii Istahil alitafsiri kila kitu: dua, ukame, hata ngamia. Mwishowe mlango ukafika.

Afisa aliinamia ramani. "Hapa hakuna njia iliyochorwa."

"Aliyechora hakuja na mbuzi," Ayeyo alisema, na Istahil akatafsiri hilo pia.

Afisa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alichora njia kwa kalamu ya wino, akaandika: kivuko cha mifugo na maji, upana wa mikokoteni miwili. Ayeyo akaweka alama ya kidole gumba, chifu akapiga muhuri.

Njiani kurudi nyumbani, Ayeyo alitangulia kwa hatua za haraka.

"Umenikasirikia?" Istahil aliuliza.

"Ndiyo. Ukitumwa maji na jirani, mtungi ni wake hata kama mgongo ni wako. Humwagi nusu njiani kwa sababu umechoka. Maneno ya mtu ni vivyo hivyo. Na ukiyamwaga, rudi ukachote tena, hata kama watu wote wanakutazama." Akamshika mkono. "Leo umerudi."

Walipofika langoni kwao, aliongeza, "Kesho mbuzi utawateremsha peke yako. Mimi pia nimechoka."