Birere Hawakuniita Hata Mara Moja

"Florent!"

"Florent tena!"

"Florent!"

Rais, yaani msimamizi wa kituo cha kura, alikuwa anainua kura moja moja ndani ya darasa na kusoma jina kwa sauti. Mimi nilikuwa nje ya shule hiyo ya mtaa wa Birere, nimeng'ang'ania nondo za dirisha. Mwaka ni 2006, vita vimetulia kidogo, na mimi Victoire, binti wa wakimbizi wa Masisi, nagombea ubunge wa jimbo. Chama changu kilininyima nafasi kikampa Florent, mwenye hoteli. Basi nikasimama peke yangu. Nilitaka maji ya bomba mtaa wa Kituku, kina mama waache kuchota kipindupindu ziwani.

Birere ndipo alipojiandikisha mchumba wangu, Moïse, shahidi wa chama kile kile, yaani wakala wa kulinda kura zake! Juzi nilimuuliza kama atanipigia kura.

"Chérie, parti ni parti, chama ni chama. Na kura yangu moja itakufikisha wapi?"

"Basi kama hata weye haunipigii, Jumapili usilete mbuzi za mahari kwetu."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kura ya mwisho ikainuliwa.

"Florent!"

Dada yangu Charline alinishika bega.

"Aka! Hata Moïse?"

"Hata Moïse."

Nikamwandikia Moïse ujumbe kwa hasira: "Nimesikia hesabu ya Birere. Hata weye! Baki na mbuzi zako."

Simu ikalia hapo hapo.

"Victoire! Juu ya nini uko Birere?"

"Si njo bureau yako ya kupigia kura?"

"Témoin, shahidi wa chama, anapigaka kura pale banamutuma! Niko Kituku tangu asubui!"

Mgombea mzima, sikulijua hilo. Ningelijuaje, na mimi sikuwa na shahidi hata mmoja?

"Muongo weye."

"Usikate. Sikia."

Akainua simu. Huko nako walikuwa wanahesabu: Florent, Florent, Florent. Halafu sauti ile ile ikasita kidogo.

"Mukamazimpaka Victoire!"

Jina langu! Nilipiga ukelele mpaka polisi wa mlangoni akageuka. Kwenye simu, mkuu wa mashahidi wa chama alikuwa anafoka:

"Kituo hiki chote kilikuwa chetu! Nani ametuuza?"

"Ni mie, muzee," Moïse akajibu.

"Mupumbavu! Kura si ni siri?"

"Yangu haiko siri. Ule ni bibi yangu, niko namuoa."

"Vua t-shirt ya parti!"

"Chukua."

Watu wa huko wakaangua kicheko. Mimi machozi yananitoka na meno yote yako nje.

"Moïse, si ulisema kura moja haina kazi?"

"Nilisema. Kisha nikaona picha yako kwenye karatasi, mukono ukakataa kwenda kwa Florent."

"Mukamazimpaka Victoire!"

Ilikuwa tena sauti ya msoma kura wa Kituku.

"Moïse, umepiga mbili?"

"Naapa, moja tu!"

"Mukamazimpaka!"

Sasa nikasikia vigelegele. Ni wauza samaki wa Kituku, Moïse akaniambia, wamejaa madirishani, ndoo za maji miguuni. Florent kiti alikuwa ameshakipata, hilo hata kipofu angeliona. Lakini wale mama walikuwa wananiita kwa jina, na mimi nilikuwa narukaruka Birere kama mtoto.

"Victoire, unités za simu zinaisha! Mbuzi je?"

"Lete! Lakini usikate kwanza. Bado wanasoma."