Pikipiki ya Mama Haijafa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuosha vyombo vya chai na kuipangusa pikipiki ya mama yake. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine kabisa, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa mwalimu wa zamu. Tangu alipojua kusema alikuwa akibisha, na watu wa nyumbani wakampa jina linalomfaa. Ukimwambia maji yamechemka, atasema bado. Ukisema bado, atakwenda kufunua sufuria ahakikishe.

Pikipiki nayo ilikuwa na jina: Bi Kikohozi. Ilimzidi Mbishi umri mara mbili, tangi lake jekundu lilikuwa limepauka, na kiti chake kilikuwa na viraka vitatu. Lakini ndiyo iliyombeba mama, nesi wa chanjo, kwenda vijiji vya ng'ambo ya kilima akiwa na sanduku la barafu nyuma.

Wiki tatu sasa Bi Kikohozi alikuwa na tabia mpya. Aliwaka vizuri nyumbani, akaenda dakika ishirini hivi, kisha akakohoa, akaishiwa nguvu na kuzima. Mama alisukuma mpaka viatu vikaisha soli. Jumatano iliyopita alikwama juani muda mrefu, barafu ikayeyuka, chanjo zikaharibika, na watoto waliokuwa wakimsubiri wakarudi kwao bila kuchanjwa. Mkuu wa zahanati akasema waziwazi: pikipiki isipopona kufikia Jumatatu, kazi ya vijijini atapewa mtu mwingine, na mama atahamishiwa wodi za mjini. Mbishi angebaki kwa shangazi mpaka amalize shule.

"Sibaki," Mbishi alisema.

"Hujaulizwa," mama alijibu, lakini sauti yake haikuwa na ukali wowote. Usiku ule Mbishi alilala amejifunika shuka mpaka kichwani.

Jumamosi wakaipeleka pikipiki gereji kwa mara ya nne. Njiani ikazima tena, wakaisukuma mwendo mrefu kabla haijawaka, wakafika wamelowa jasho. Fundi aliwapokea akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kusikilizwa, na watu waliokaa kwenye benchi kusubiri vyombo vyao walinyamaza alipoanza kusema.

"Nesi, dada yangu, nisikufiche. Injini imechoka. Ikishapata moto inakaza, inazima. Mara tatu umeileta, mara tatu nimefungua tangi, mafuta yamo, nikapiga kiki, ikawaka. Plagi nimebadilisha, kabureta nimesafisha. Kilichobaki ni injini, na ya aina hii haipatikani tena. Wape watu wa vyuma chakavu, upumzike."

Mama aliinamisha kichwa. Mbishi akasogea mbele.

"Si injini," alisema.

Benchi zima likamgeukia. Fundi akacheka. "Ala! Umekuwa fundi lini, binti?"

"Sijawa fundi. Lakini leo nilipanda nyuma. Tulipozimikiwa, mama alifungua kifuniko cha tangi atazame mafuta. Nikasikia hewa inavutwa ndani, fyuuu! Akafunga, akapiga kiki moja tu, ikawaka. Kama injini ilikuwa na moto, ilipoa saa ngapi?"

"Mwanangu, mheshimu fundi," mama alinong'ona.

"Namheshimu, mama. Lakini anakosea."

Mtu mmoja kwenye benchi akapiga mluzi. Fundi hakucheka tena. Alivua kofia, akaivaa tena. "Haya, thibitisha. Ukishindwa, utanifulia hii ovaroli."

Mbishi aliitazama ile ovaroli. Ilikuwa na mafuta machafu tangu kola hadi vifundo vya miguu, hata rangi yake ya asili haikujulikana. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mafuta yako tangini, sawa," alisema. "Lakini je, yanafika kwenye kabureta? Tuchomoe mpira tuone. Kifuniko kibaki kimefungwa."

Fundi alikuwa amekasirika, ila hakuwa mzembe. Aliisukuma pikipiki uwanjani, mbali na mashine ya kuchomea vyuma, akaamuru kila mwenye sigara aizime. "Petroli haina mzaha," alisema. "Na wewe binti, usiguse koki. Nitafungua mwenyewe." Akauchomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akautia ndani ya chupa kubwa ya plastiki, akafungua koki.

Petroli ikashuka vizuri. Fundi akatabasamu. "Unaona? Yanakuja kama kawaida."

"Subiri," Mbishi alisema, mikono kiunoni.

Wakasubiri. Mkondo ukawa mwembamba, kisha ukawa matone. Tone moja. Jingine. Halafu kimya, na chupa haikufika hata nusu ilhali tangi lilikuwa limejaa. Tabasamu la fundi likapotea.

"Sasa fungua kifuniko," Mbishi alisema.

Fundi akakizungusha. *Fyuuu!* Hewa ikaingia, na palepale petroli ikaanza tena kumiminika. "Lo! Mtoto huyu!" mtu wa benchi akapaza sauti. Mama alijishika mdomo.

Fundi akafunga koki taratibu, akampa Mbishi kifuniko amshikie. "Ni kweli," alikiri, akiwageukia watu. "Tangi lazima lipumue. Mafuta yakitoka, hewa iingie mahali pake, kupitia tundu dogo la kifuniko. Tundu likiziba, mafuta yanang'ang'ania ndani. Na mimi kila nikifungua nitazame, nalipa tangi hewa bila kujua." Akainama kuurudisha mpira.

Mbishi alikuwa ameshinda. Akakigeuza kifuniko kwa furaha, na furaha ikamwisha. Chini yake, ndani ya mpira uliochakaa wa kuzuia maji, kulikuwa na kipande cha nailoni kilichokatwa mviringo kwa mkasi. Mkasi ulikuwa wake. Mwezi uliopita mvua zilipokuwa zikinyesha, aliona maji yanapenya kwenye tangi, akakata mfuko wa maziwa, akauchomeka pale. Hakumwambia mtu. Alijiona hodari sana, kisha akasahau.

Akakikwanyua kile kipande haraka, akakifumbata. Fundi alipoinuka akakichukua kifuniko, akapuliza kwenye tundu.

"Mbona linapitisha hewa vizuri?"

"Labda uchafu umedondoka," Mbishi alisema, akitazama pembeni.

Hapo mama akalipuka. "Mara tatu, fundi! Mara tatu nimekuja, na wewe hukupuliza kifuniko! Watoto wamekosa chanjo. Ulitaka niitupe pikipiki yangu, kumbe ni uchafu!" Watu wa benchi wakaanza kuguna na kutikisa vichwa. Fundi alivua kofia. Alisimama tu ameishika mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Mbishi alidhani angefurahi kumwona hivyo. Hakufurahi. Aliona aibu ambayo ilikuwa yake imevikwa mtu mwingine, na akashindwa kuitazama.

"Mama, acha!" Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. Akafumbua ngumi. "Si uchafu. Ni hiki. Nilikiweka mimi, maji ya mvua yasiingie. Nimekitoa sasa hivi nikakificha."

Watu wa benchi wakanyanyuka waone. Mama aliitazama nailoni, akamtazama mwanawe.

"Na zile chanjo?" aliuliza.

"Ni mimi," Mbishi alijibu, machozi yakimlengalenga. Hakuinamisha uso.

Fundi alikohoa kidogo. "Nesi, lawama nusu ni yangu. Kifuniko hiki nimekishika mara tatu, sikukigeuza hata mara moja." Akaingia ndani, akarudi na kipande cha mpira mpya, akakikata mviringo wa kukaa ukingoni, katikati akaacha wazi. "Hivi maji hayataingia, na tangi litapumua."

Mama akakifunga kifuniko kwa mkono wake. Akapiga kiki, injini ikawaka, akaenda kuijaribu kwa nusu saa nzima bila kupumzika. Aliporudi, Bi Kikohozi alikuwa bado ananguruma. Mama akaizima mwenyewe, akashuka, akamshika binti yake bega.

"Umembishia fundi, hata mimi sikupona. Sikukatazi, maana leo ubishi wako umeniokolea kazi. Ila yuko mtu mmoja hukumuuliza kitu siku zote hizi, naye ni wewe. Anayetafuta kosa aanzie kwenye mikono yake, na akilikuta huko, aliseme mapema kabla halijamwangukia mwingine. Jumatano utakuja nami ng'ambo ya kilima, ukawaeleze wale akina mama kwa nini watoto wao hawakuchanjwa."

Mbishi alikubali kwa kichwa. "Nitawaeleza. Lakini mama..."

"Lakini nini?"

"Injini haikuwa mbovu. Nilisema kweli."

"Ulisema kweli," mama alisema, akampa sanduku la barafu alibebe. "Kisha ukasema uongo. Utawaeleza yote mawili."