Siku Citlali Alipokataa Kutafsiri

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe mbili Septemba, saa nne na robo asubuhi.

Fidencio Arriaga alikuwa amepiga magoti chini ya mzabibu, kisu kilichopinda mkononi. Alikuwa anakata vishada na kuvitandaza juu ya karatasi, vikauke juani. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili hapo Las Parras, katika bonde la California. Angeweza kuifanya amefumba macho.

Ghafla moyo ukamwenda mbio. Vidole vikafa ganzi. Pumzi ikawa haishuki. "Ndiyo basi," akajisemea. "Leo nakufa." Akaanguka kifudifudi juu ya zabibu.

Aliyefika kwanza ni Cuco, baba wa ubatizo wa binti yake. Wawili hao waliitana kompadre, kama ilivyo ada.

"Usife hapa, kompadre!" Cuco alipiga kelele. "Msimamizi atasema umekufa kwa uvivu!"

Msimamizi naye akaja, polepole. Akatazama kwanza zabibu zilizopondeka, ndipo akamtazama mtu. Wenye mamlaka ndivyo walivyo.

Hospitalini daktari hakujua Kihispania, lugha pekee ya Fidencio. Basi akaitwa Citlali, binti wa pekee wa Fidencio, mwenye miaka kumi na tisa, aje atafsiri. Citlali alikuwa akiwatafsiria wazazi wake tangu ana miaka saba: benki, shuleni, ofisi ya maji. Las Parras kila nyumba ina mtoto wa namna hiyo, na wazazi huona fahari. "Wangu anaongea Kiingereza kama gavana!" husema.

Wakampima moyo. Moyo ulikuwa mzima. Daktari akavuta kiti karibu.

"Muulize baba yako kama ana huzuni," alisema. "Muulize kama kuna siku anatamani asiwepo duniani."

Citlali akatafsiri huku ameinamia sakafu.

Fidencio akamtazama mwanawe. Ukweli aliujua. Mkewe Amparo alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo kila alfajiri alitamani asiamke. Lakini baba gani atasema hayo mbele ya mtoto wake?

"Mwambie ni jua tu," akajibu.

"Anasema ni jua," Citlali akatafsiri.

Daktari akaandika: jua. Wakarudi nyumbani.

Jumapili Cuco akaja na mama mkwe wake, na mama mkwe akaja na yai. Alimpitishia Fidencio yai hilo mwili mzima huku akisali, kisha akalivunja ndani ya glasi ya maji ili asome ugonjwa, kama wafanyavyo wazee wao.

"Umepatwa na mshtuko," mama huyo akasema. "Roho yako imeachwa njiani."

Citlali alikuwa mezani, anajaza fomu ya chuo kikuu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kwenye chuo kidogo cha mjini, na sasa alitaka kuhamia chuo kikubwa.

"Umeandika somo gani hapo?" Fidencio akauliza.

"Saikolojia, baba."

Fidencio akaigeukia ile fomu.

"Yaani binti yangu awe daktari wa vichaa?"

"Si wa vichaa. Ni wa watu wenye maumivu yasiyoonekana kwenye picha ya hospitali."

"Mwache asome, kompadre," Cuco akasema. "Mgonjwa wa kwanza tunaye tayari. Ameketi hapo, ananuka yai."

Fidencio hakucheka. "Andika uuguzi. Muuguzi anaheshimiwa. Sikuvunja magoti yangu miaka yote hii ili watu wanicheke kanisani. Na sahihi yangu ng'o!"

Bila sahihi ya mzazi, serikali isingetoa msaada wa masomo. Bila msaada, hakuna chuo. Na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa mwisho wa Novemba. Citlali akaikunja karatasi yake, akatoka.

Katikati ya Oktoba yale mambo yakarudi. Safari hii yalimkuta Fidencio dukani, mbele ya mikate, watu wakitazama. Citlali alimkalisha chini, akamshika mikono mpaka pumzi ikarudi. Kisha akasema, "Baba, tufanye mapatano. Kuna mshauri wa afya ya akili pale kituo cha afya. Anaongea lugha yetu. Nenda mara tatu tu. Ukimaliza, ukiniambia bado kuwa ile ni kazi ya vichaa, naandika uuguzi kwa mkono wangu."

"Mara tatu?"

"Tatu."

"Andaa kalamu," Fidencio akasema. "Utaandika uuguzi."

Mshauri mwenyewe aliitwa Ofelia Quezada. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mikono minene kama ya mpishi. Mama yake alifungasha matunda ghalani miaka yote. Fidencio akaketi. Citlali akabaki wima.

"Kaa, mwanangu, utafsiri," baba akasema kwa mazoea.

"Bi Ofelia hahitaji kutafsiriwa, baba. Na mimi leo sitafsiri. Nipo nje."

Akatoka, akafunga mlango.

Fidencio akautazama ule mlango. Hakukumbuka ni lini aliketi mbele ya mtu wa ofisi bila mtoto wake katikati.

"Don Fidencio," Ofelia akasema kwa heshima, "hapa hakuna mtoto wa kumkinga. Utakalosema linabaki hapa. Labda maisha yako au ya mwingine yawe hatarini; hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kwanza. Sasa nieleze. Kabla ya siku ya zabibu, kulikuwa na nini?"

Fidencio alidhani atasema "jua". Kinywa kikasema kingine.

"Kila asubuhi nachemsha kahawa ya watu wawili," alisema. "Kisha naketi, natazama kikombe cha pili kinapoa."

Akalia. Alilia kama ambavyo hakulia mazikoni, maana mazikoni alikuwa anawapokea watu. Ofelia hakumkatiza. Baadaye akamwuliza waziwazi, kama yule daktari, iwapo anatamani kufa. Safari hii Fidencio akajibu kweli. Ofelia hakushtuka. Waliandika pamoja majina ya watu wa kuwaendea siku ikiwa nzito, na namba ya simu inayojibiwa saa zote.

"Kwa hiyo mimi ni kichaa?" Fidencio akauliza.

"La. Umefiwa, na uchungu umeufungia ndani. Moyo wako wameupima, na walifanya vyema kuanza na moyo. Lakini mwili una mbwa wake wa ulinzi. Kazi yake ni kubweka mwizi akija. Wako amebaki macho miaka miwili, sasa anabwekea hata upepo. Ndiyo yale mapigo, ganzi na kukosa pumzi. Hofu kali ya ghafla. Inatisha sana, ila hupita, na inatibika."

"Mama mkwe wa Cuco alisema roho imeachwa njiani."

Ofelia akatabasamu. "Hakukosea sana. Mimi na wewe tutarudi njiani kuifuata. Kwanza jifunze kumtuliza mbwa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne. Itoe polepole kwa hesabu ya sita. Tena."

Walipumua pamoja. Fidencio alijiona mjinga. Baada ya dakika tatu mabega yalishuka yenyewe, akashangaa.

Alipokuwa anaondoka, Ofelia akaongeza jambo. "Ukienda hospitali, omba mkalimani. Ni haki yako na ni bure. Si vizuri mtoto kubebeshwa maneno ya daktari."

"Haki? Tangu lini?"

"Miaka mingi."

"Na hakuna hata mmoja aliyetuambia!" Fidencio akafoka. "Wana fedha za kupaka rangi majengo yao kila mwaka, lakini karatasi moja ukutani ya kusema hivyo hawana!"

Njiani akamweleza Citlali habari ya mkalimani. Binti akaegesha gari kando ya shamba. Akazima injini.

"Baba, nilikuwa na miaka kumi na sita. Daktari aliniambia nimwambie mama ana miezi sita. Mama akanitazama. Nikamwambia, 'Anasema utapona.'"

Fidencio akamgeukia.

"Nimelibeba peke yangu mpaka leo. Mama hakuaga ndugu zake kwa sababu yangu. Ndiyo maana nataka kazi hii. Asikae mtoto mwingine mahali pale."

"Si kwa sababu yako," baba akasema. Akamvuta begani. "Unanisikia? Ni kwa sababu ya waliokukalisha pale, na mimi nikiwemo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulificha kila kitu, tena tukamfanya mtoto awe pazia."

Alienda mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu ilipokwisha alipita jikoni moja kwa moja, akasukuma sahani kando.

"Iko wapi fomu?"

"Niandike uuguzi?" Citlali akauliza kwa sauti ndogo.

"Andika lile jina refu. Kalamu iko wapi? Haraka, kabla sijaanza kulia tena, siku hizi sina breki!"

Mara ya nne alikwenda bila kusukumwa. Kufikia Krismasi alikuwa analala hadi kengele ilie. Hofu ilimrudia mara mbili, akapumua kwa hesabu, ikapita. Bado alimkumbuka Amparo kwa uchungu, lakini sasa alimtaja mezani, wakacheka vituko vyake.

Siku moja Cuco alimvuta nyuma ya lori.

"Ile namba ya Bi Ofelia... naiomba, si kwa ajili yangu mimi. Ni kwa ajili ya shemeji yangu."

"Shemeji yupi?"

"Yule asiyelala."

"Kompadre, ukoo wenu mzima unakoroma mpaka kwangu."

"Nipe namba, bwana!"

Aprili jibu la chuo likafika. Citlali alilisoma kwenye simu akiwa uani, akapiga ukelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Amekubaliwa! Fidencio alitoka na povu la kunyolea usoni. Wakarukaruka pamoja kama watoto. Cuco akaja mbio na tamale za moto, mikate ya mahindi ya mvuke, anatangaza mlango kwa mlango: "Binti yetu wa ubatizo! Wa saikolojia! Jipangeni foleni, vichaa nyie, nami nipo wa pili!" Na watu walicheka, na hakuna aliyeona aibu.

Ofelia akamweleza Citlali njia iliyo mbele. Shahada ya kwanza imalizike. Kisha ya pili, miaka miwili au zaidi. Kisha saa elfu tatu za kazi chini ya uangalizi, ndipo leseni.

"Elfu tatu!" Fidencio akashangaa. "Hata zabibu haziteswi hivyo."

"Nitazimaliza," Citlali akasema, macho yanang'aa.

Lakini Ofelia alikuwa peke yake kwa miji minne. Aliyetaka kumwona sasa alingoja wiki kumi na moja. Basi Juni Fidencio akavaa shati lake jeupe, akaenda kwenye kikao cha hadhara cha baraza la kaunti. Aliomba mkalimani siku tatu kabla, akapewa. Citlali aliketi nyuma kama mwananchi mwingine, karibu na Cuco. Wakubwa watano walikaa juu, wamevaa visikilizio.

"Una dakika mbili," mwenyekiti akasema.

Fidencio akashika kipaza sauti. Moyo ulipiga. Akatoa pumzi polepole, hesabu ya sita.

"Mimi nakata zabibu," akaanza. "Nilitaka kufa. Mtu mmoja alinisikiliza kwa lugha yangu, nami nipo hapa. Huyo mtu ni mmoja kwa miji minne. Binti yangu anakwenda kusomea kazi hiyo. Wenzake sita wa mtaani wamejiandikisha nyuma yake. Wanataka kurudi kufanya kazi hapa hapa. Ninyi ndio mnaopanga ajira za kaunti. Nawauliza, na naomba jibu: wakimaliza, mtawaajiri wangapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti akagonga meza, akafunua karatasi zake mara moja, mara mbili, akamtazama jirani yake.

Fidencio hakuketi. Akauliza tena, taratibu, mkalimani asikose hata neno:

"Mtawaajiri wangapi?"